Mkia nilioupita

Bibi yangu alikifungua kitabu kwa nyuma.

Sio kwamba alikosea. Alikifungua kulia kwenda kushoto kama anavyofungua msahafu, maana hayo ndio maandishi anayoyasoma bila kubabaika, hizi herufi nyingine anajua za jina lake na za kwenye pakiti ya majani ya chai, basi. Mi nilikuwa nimejilaza barazani, nimeshuka Tanga asubuhi hiyo nikaunganisha na gari ya Pangani, na kitabu kilichomoka kwenye begi wakati natafuta chaja. Akaweka ukili wake pembeni, akakiokota, akaanza kufunua kutokea mwisho.

Hiyo nakala yangu ya Maus, kitabu cha katuni, niliinunua kwa wauza vitabu vya mitumba kule Posta, juzuu zote mbili ndani ya kava moja. Stori inapoishia kuna jiwe la kaburi, majina mawili, mume na mke, na nyota juu yake.

"Hawa washakufa," bibi akasema. Akafunua.

Nikasinzia. Sijui ilipita nusu saa au zaidi, nikashtuka napigwa kidole gotini.

"Mume wangu hebu amka. Huyu panya kavaa uso wa nguruwe, astaghfirullah. Na kamba yenyewe hii hapa, hata hajaificha."

Kamba gani tena bibi? Akanionyesha kwa ukucha wenye hina iliyoanza kufifia. Uzi mwembamba nyuma ya kichwa, umefungwa vile watoto wanavyofunga kinyago cha boksi. Alafu akausogeza ukucha, mume na mke wanatembea, wote wana nyuso za nguruwe na makoti yao.

"Mwanamme kajistiri. Huyu mkewe mkia uko nje. Watamkamata huyu."

Kitabu hicho nilikuwa nimekisoma mara mbili. Niliwahi mpaka kukiandikia makala ndefu humu humu, wengine mliikomenti.

Ule mkia sikuwahi kuuona.

## Maneno yalinitosha

Mpangilio wake wengi mnaujua. Art Spiegelman anamhoji baba yake Vladek, Myahudi wa Poland aliyetoka mzima Auschwitz, ile kambi ya mauaji ya Wanazi, na Wayahudi wote wamechorwa panya, Wajerumani paka, Wapolandi nguruwe. Hapo alipopaona bibi, Vladek na mkewe Anja wanajifanya Wapolandi ili wapite mjini bila kukamatwa, na maneno ya Vladek yanasema kwamba Anja ilikuwa rahisi zaidi kumtambua kuwa ni Myahudi.

Mi nilisoma hiyo sentensi, nikaielewa, nikasonga mbele. Ndio shida yangu nzima hiyo. Nilielewa nikaona yameisha, picha nikaipa jicho la kupitia tu kama mtu anayepita bango la soda.

Wakati sentensi inakupa habari, kwamba mwanamke yule alikuwa hatarini. Mkia unakuweka wewe pale barabarani, we ndio umemtambua, we ndio unaweza kwenda kumchongea kwa askari ama ukanyamaza, na bibi aliposema "watamkamata huyu" alikuwa ameshasimama kwenye ile barabara mi bado nimekaa kwenye sentensi.

Na ile kamba ndio ilinisumbua hata zaidi, kwa sababu sisi tumelelewa na sungura na fisi. Fisi wa kwenye ngano zetu ni fisi kweli, uroho kaumbwa nao, hakuna anayemtazamia siku moja aanze kushiba. Na mi nilivisoma vile vipanya hivyo hivyo, nikaona jamaa kaamua kila taifa liwe na mnyama wake, kwisha. Sasa kamba inakwambia nini? Kwamba uso unafungwa na unafunguka. Mbele kwenye juzuu ya pili Spiegelman anajichora mwenyewe kwenye meza yake ya kuchorea, ni mtu mzima wa kawaida kavaa kinyago cha panya, na chini ya meza maiti zimerundikana. Mara zote mbili nilizosoma huo ukurasa niliuona ni mbwembwe za msanii.

Kumbe bibi angenieleza.

## Ngazi

Sasa niwaambie kwa nini hii kitu haikuniacha kwa wiki tatu au nne nzima.

Mi ni yule mtu anayezitetea katuni. (Naita katuni, najua wengine mnasema vibonzo, na kuna wanaosema riwaya za michoro ili zionekane zimeoga.) Niliokulia nao wanajua, magazeti ya katuni ya Sani yalikuwa chini ya godoro langu, wahusika wake Ndumilakuwili na Lodi Lofa niliwajua kabla sijamaliza kujua jedwali la saba, na kuna mwalimu alinichania nakala mbele ya darasa zima akasema hayo ni mambo ya wahuni. Kwahiyo nimekua na kinyongo changu, na nikiwa mkubwa nimekuwa nikijibu na hoja ile ile kila mahali: zinasaidia watoto wapende kusoma, mtoto anaanza na picha baadae anahamia kwenye vitabu vyenyewe.

Vitabu vyenyewe. Sikia hiyo.

Yaani miaka yote nazitetea kwa kukubaliana na yule mwalimu. Ni ngazi, ukishapanda unaiegemeza ukutani unaisahau. Na hapa kuna mwanamke wa miaka zaidi ya sabini ambaye kwa hesabu yangu yuko kwenye kipago cha chini kabisa, na ameona kitu ambacho mi niliye juu sikukiona hata baada ya kurudia.

Ila nisijidanganye upande wa pili pia. Bibi hakusoma kitabu kizima kwa maana ya kukisoma. Nilipomuuliza baadae stori inahusu nini akasema ni panya waliokuwa wakijificha wasiliwe, Auschwitz hakuijua, Vladek na mwanawe wanavyogombana kuhusu pesa na vidonge hakuvijua, na kwa vile alikwenda kinyume, stori yake ilianzia kaburini ikaishia kwa kijana mtanashati anayekimbiliwa na wasichana. Kwake ilikuwa ni habari njema! Nilicheka, alafu usiku nikashindwa kuamua kama ni ya kuchekwa.

Kwahiyo picha peke yake haikutosha na maneno peke yake hayakutosha, na bado sikuwa na pa kuliweka hilo.

## Sanaa itumiayo lugha

Wote tuliosoma Kiswahili sekondari tunaijua hii kwa kichwa. Fasihi ni sanaa itumiayo lugha. Ukiandika hivyo unapata maksi zako, ukiandika vingine unazikosa, na ukiipeleka hiyo fasili kwenye ukurasa usio na neno hata moja inakufia mkononi.

Sio sisi tu tuliohangaika pa kuziweka katuni. Maus ilipopewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi kule Marekani, mwaka 1992 ilipewa tuzo maalumu, nje ya makundi ya kawaida, na kabla ya hapo gazeti la New York Times liliiweka kwenye orodha ya vitabu vya kubuni mpaka Spiegelman mwenyewe akawaandikia barua kulalamika, baba yake alikuwa Auschwitz kweli, ndipo wakaihamisha. Panya wanaoongea, wahariri wakaona bila shaka ni ya kubuni.

Lakini ngoja. Kitabu kile kile kilichonipa hiyo fasili kilikuwa na sura nyingine, fasihi simulizi, na huko nilikariri kwamba kuna utendaji, kwamba fanani anatumia uso, mikono, anapandisha sauti anashusha, anainuka anakaa, na kwamba hayo yote ni sehemu ya kazi. Mtihani ulikubali. Hakuna aliyewahi kusema mkono wa bibi ni msaada kwa wasioelewa maneno, ama kwamba msikilizaji akikomaa ataachana na mkono ahamie kwenye ngano yenyewe.

Mkono ndio ngano.

Hapo nilikuwa kwenye daladala, nimesimama, na nilitamani kumwambia mtu.

Kuna mtu Lubumbashi alishalijua hili bila kuhitaji fasili ya mtu yeyote. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji, alikuwa anachorea watu picha za kutundika sebuleni kama wenzake wengi wa pale, alafu mwaka 1973 na 1974 akachora historia nzima ya Zaire (Congo ya leo), picha zaidi ya 100, akaketi na mwanaanthropolojia Johannes Fabian na kinasa sauti akaisimulia picha kwa picha, kwa Kiswahili cha kwao Shaba, ndio hiyo Katanga. Alijiita mwanahistoria. Kwenye kifo cha Lumumba na wenzake Mpolo na Okito aliweka misalaba mitatu kwa nyuma, na kwa mtu aliyekulia kanisani hiyo haihitaji maelezo, unaiona Golgotha pale pale Katanga. Mdomo na brashi vilikuwa kazi moja, na ukimuuliza kipi kinamsaidia mwenzake nadhani angekuona una kichaa.

## Mabano

Sasa kuna aibu nyingine inayoungana na hii.

Mwaka jana nilirekodi ngano za bibi kwenye simu, kumi na moja, nikaziandika zote neno kwa neno nikaziweka hapa. Mlikuwa wapole, mkasema asante kwa kuhifadhi. Mmoja tu ndio alisema ukweli, akaandika "nzuri ila kama chai imepoa."

Chukua ile ya kombe, najua wengi mmeambiwa na bibi zenu kwa namna yake. Wasichana wanaenda pwani kuokota makombe, mmoja anaweka lake juu ya mwamba analisahau, wenzie wanakataa kurudi naye, anarudi peke yake anaimba njia nzima ili asiogope, na juu ya mwamba amekaa zimwi. Zimwi linamwambia sogea sikusikii vizuri, sogea, sogea tena. Alafu anaingizwa ndani ya ngoma. Toka hapo zimwi linazunguka vijijini, likipiga ngoma binti anaimba, watu wanashangaa ngoma gani hii yenye sauti tamu hivi, wanalilisha linashiba, mpaka siku linafika kijijini kwao bila kujua, na mama anaisikia sauti.

Bibi akifika ndani ya ngoma anavuta upindo wa kanga anaziba mdomo, anaimba humo humo. Sauti inatoka imezibwa, ya mbali, na macho yake yanakuangalia juu ya kanga hayapepesi. Mi na ukubwa huu bado nywele zinanisimama.

Unajua nilivyoandika? Niliandika: "(anaimba)".

Mabano mawili na neno moja. Hapo ndipo chai ilipopoa, na nilikuwa najiona nahifadhi.

## Zimwi halichorwi

Kwahiyo nikamtafuta fundi. Mtaani kwetu kuna kijana anachora mabango ya saluni na bucha, na nyuma ya bajaji nusu ya hizo simba na wanasoka unazoziona ni zake. Nikampa ile ngano, nikamwomba ukurasa mmoja tu, boksi sita, kuanzia mwamba mpaka ngoma. Tukakubaliana elfu tatu kila boksi.

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa kali, nakwambia. Zimwi lina jicho moja, meno, manyoya, kucha zimeshika mwamba. Nikaipiga picha nikamtumia binamu yangu Pangani amwonyeshe bibi. Nilitegemea sifa kwa kweli.

Bibi akanipigia mwenyewe.

"Nani kakwambia zimwi liko hivyo?"

Nikamwambia ni mfano tu bibi.

"Mama yako alipokuwa mdogo zimwi lake lilikuwa refu jembamba. Mjomba wako lake lilikuwa na mguu mmoja. Sikuwaambia mimi. Sasa wewe umewapa wote zimwi moja, tena linafanana na mbwa. Zimwi halichorwi, mwanangu."

Akakata. Aliponiita mwanangu badala ya mume wangu nikajua kakasirika.

Hapo nilikwama vibaya, kwa sababu hiyo ndio hoja nzito kuliko zote wanazotoa watu wasiopenda katuni, kwamba picha inakunyang'anya ya kwako, na mi huwa naijibu kirahisi rahisi tu kwenye ubishi. Sasa imetoka kwa mtu yule yule aliyeona mkia. Siwezi kumwambia hajui kutazama picha.

Nikamwambia fundi asimamishe. Akasimamisha, akaendelea na bucha.

Wiki ile nilirudi kwa Marjane Satrapi, ile Persepolis, katuni ya maisha yake alipokua Iran, iliyoanza kutoka Ufaransa mwaka 2000, kwa sababu kuna ukurasa nilikuwa naukumbuka vibaya. Ni Tehran, vita na Iraq, kombora limepiga mtaani kwao. Marji, yaani Satrapi mwenyewe akiwa binti, anakimbia nyumbani, kwao pamepona, nyumba ya jirani ndio imeanguka, mama yake anamvuta wapite haraka. Anapogeuka anaona kwenye kifusi bangili ya feruzi, bangili ya rafiki yake Neda. Anajiziba uso kwa mikono. Na boksi la mwisho ni jeusi. Jeusi tupu, pembe hadi pembe, na chini yake sentensi moja tu kwamba hakuna ukelele duniani ungemtosha.

Nilikuwa nakumbuka kwamba kaichora ile maiti. Ningeapa mahakamani. Niliikumbuka kabisa, na haipo, nimeichora mwenyewe kichwani miaka yote hiyo, ya kwangu.

Nikaenda kwa fundi jioni ile ile, alikuwa anafunga.

## Boksi la tano

Tulibishana sana maana yeye zimwi lake alilipenda, na simlaumu, lilikuwa zuri. Mwisho tukakubaliana hivi. Boksi la kwanza, kombe juu ya mwamba, dogo, na maji yanaanza kujaa. La pili binti anaimba njiani. La tatu uso wake anapofika, anatazama juu, basi, kitu anachokitazama kiko nje ya fremu. La nne ule ule uso, umesogea. Hapo fundi akauliza kwa nini tulipie uso mmoja mara mbili, nikamwambia usiwe ule ule, katikati ya haya mawili ameshaambiwa "sogea." Akakaa kimya, alafu akachukua penseli akampunguza binti umbali na mwamba, akamwongeza macho kidogo sana, na akasema sogea moja iko kwenye huu uwazi katikati ya maboksi, hapa peupe. Sikumfundisha hilo. La sita ni mkono wa mama umeganda juu ya sufuria, mwiko unadondoka uji, kaisikia.

La tano ni ndani ya ngoma.

Kwanza alichora binti amejikunja. Akafuta. Akachora macho mawili kwenye giza, nikaona kama katuni za paka, tukafuta. Akasema niachie.

Bibi ameshauona ukurasa, binamu alimpelekea nakala iliyoprintiwa. Aliutazama kulia kwenda kushoto bila shaka, kwahiyo kwake ulianza na mama kuisikia sauti. Binamu anasema alipofika kwenye boksi la tano aliweka kidole juu, akavuta upindo wa kanga, akaanza kuimba, na watoto wa jirani wakaja kukaa. Kuhusu zimwi hakusema kitu.

Jumamosi nikaenda kumlipa fundi. Boksi sita, elfu kumi na nane. Nikamtania, nikamwambia tano ndugu yangu, moja hujachora kitu, ni jeusi tupu.

Hakucheka. Akaniinulia kichupa cha wino, kimebaki tone chini.

"Hilo ndio limekula wino wangu wote, kaka."